Polishi, Silanti na Nta: Kupaka au Kusugua?

Utangulizi

Katika kurasa hizi tumezoea kuzungumzia istilahi za ofisini, za shuleni na za mahakamani. Katika makala hii tunakusudia kuhakiki istilahi za kazi ambayo wengi hudhani kuwa haina istilahi, nayo ni kazi ya kuosha magari na kuipaka rangi yake vitu vya kuihifadhi. Twajua kwamba wapo watakaouliza: je, watu wa istilahi wamekosa la kufanya hata washughulike na povu la sabuni? Tunawaomba wasomaji wetu wawe na subira mpaka mwisho.

Tulikuwa Mpanda kwa shughuli nyingine kabisa. Tulikwenda kukusanya maneno ya ufugaji nyuki, kwa kuwa misitu ya miombo ya Katavi ni miongoni mwa sehemu za nchi yetu zinazosifika kwa asali na nta. Siku moja gari letu lilirudi kutoka Sitalike, kwa barabara ipitayo katika Hifadhi ya Taifa ya Katavi, likiwa limejaa vumbi, na wadudu waliopondeka wamegandamana mbele yake. Dereva akalipeleka mahali pa kuoshea magari katika kata ya Misunkumilo. Hapo palikuwa na ubao ulioandikwa kwa mkono, wenye maneno manne: Kuosha, Polishi, Silanti, Waksi. Kila neno lilikuwa na bei yake, na neno la bei ndogo lilitangulia. Tuliyanakili daftarini kama ilivyo desturi yetu, tusijue kwamba chini ya mwembe uliokuwa jirani palikuwa na ugomvi juu ya neno la pili.

Mzee mmoja, mwalimu mstaafu, alikuwa amesimama kando ya gari lake dogo la rangi ya buluu. Juu ya paa na boneti rangi ilikuwa imepauka, na kwenye kingo za milango ilionekana rangi ya kijivu ya praima. Alikuwa akisema na kijana mwenye kazi ile.

"Mwanangu, mwaka mzima, kila mwezi, nimekulipa upige polishi ili rangi ipate kinga. Mbona rangi imekwisha badala ya kuongezeka?"

"Mwalimu, sikukudhulumu. Uliagiza polishi, nami nikapiga polishi. Polishi ni kusugua, mwalimu. Haiongezi kitu."

"Kusugua? Viatu vyangu navipiga polishi tangu nilipokuwa chuoni, na sijaona kiatu kilichokwisha ngozi kwa ajili ya polishi."

Dereva wetu, kwa wema wake, akawaambia sisi ni nani. Mzee akatugeukia. "Basi ninyi, wanangu, ndio wenye Kiswahili. Semeni: kupiga polishi ni kupaka au ni kusugua?"

Tulinyamaza. Ni aibu kukiri, lakini ndivyo ilivyokuwa. Swali lilikuwa la Kiswahili, lenye fedha ndani yake, na hatukuwa na jibu la kumpa hata mmoja wao. Makala hii ni jibu letu, ingawa limechelewa.

Kazi yenyewe na mpango wake

Hapana budi kwanza tuieleze kazi, maana anayetunga istilahi bila kuijua kazi huwapa watu jina tupu. Rangi ya gari la siku hizi si kitu kimoja. Juu ya bati hupakwa praima, ambayo huzuia kutu na kuifanya rangi ishike. Juu ya praima huja rangi yenyewe. Juu ya rangi huja tabaka lisilo na rangi, ambalo mafundi wetu huliita klia. Klia ndiyo ing'aayo, na ndiyo inayopokea jua, mvua, vumbi, utomvu wa miti na kinyesi cha ndege. Utaratibu huu ulienea katika viwanda vya magari tangu miaka ya 1980. Magari mengi ya kabla ya hapo yalikuwa na rangi tupu isiyofunikwa.

Unene wa klia ni mdogo mno. Mara nyingi ni mikroni 35 hadi 50, na mikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa binadamu huwa na unene wa mikroni 70 hivi. Kwa hiyo kinga yote ambayo kiwanda kimeipa rangi ya gari haifikii unene wa unywele mmoja. Wala klia haikui tena kama ngozi ya mwili. Iliyosuguliwa ikatoka haitarudi mpaka fundi apulize nyingine.

Mtu anayetaka kuitunza rangi kama ipasavyo hufuata mpango huu. Kwanza huosha gari na kuondoa uchafu uliogandamana. Pili, ikiwa klia ina mikwaruzo au imefifia, huisugua kwa dawa yenye chembe ngumu zilizo ndogo sana. Dawa hiyo hukata uso wa juu wa klia mpaka mikwaruzo itoweke. Mng'ao unaorudi ni wa uso uliosawazishwa, wala hakuna kilichoongezwa. Tatu, hufuta mafuta yote yaliyobaki, kisha hupaka dawa ya kikemia iitwayo silanti, ambayo hushikamana na klia yenyewe, na kuiacha ikomae kwa muda ulioandikwa katika maagizo yake, mara nyingi saa 12 hadi 24. Nne, akipenda, hupaka nta juu yake.

Mpango huo haugeuzwi. Nta yaweza kukaa juu ya silanti, bali silanti haishiki juu ya nta, kwa sababu mafuta ya nta huizuia isiifikie klia. Tena silanti hudumu kwa miezi, na nta hudumu kwa majuma tu, hasa pale penye jua kali na gari linalooshwa mara kwa mara. Na gari lililotoka gereji kupulizwa rangi mpya halipakwi chochote kati ya hivyo kwa majuma kadhaa, ili thina iliyomo katika rangi ipate njia ya kutoka.

Basi yaonekana dhahiri kwamba kazi hii inasimama juu ya mambo mawili. La kwanza ni kujua lipi huondoa na lipi huongeza. La pili ni kujua lipi hutangulia na lipi hufuata. Maneno manne ya ubao wa Misunkumilo hayasemi hata moja kati ya mambo hayo. Yamepangwa kwa bei, na mteja asomaye hudhani kwamba lenye bei kubwa ni kinga kubwa na lenye bei ndogo ni kinga ndogo, kumbe moja kati yake si kinga hata kidogo.

Neno polishi

Polishi ni neno lililotoholewa zamani, nalo limekwisha kuwa letu. Liliingia katika nyumba zetu kwa milango miwili, wa viatu na wa sakafu. Polishi ya viatu ni nta iliyochanganywa na rangi na mafuta. Hupakwa ngozini, ikasuguliwa kwa brashi, ikabaki. Polishi nyekundu ya sakafu nayo ni nta. Hupakwa juu ya saruji, ikasuguliwa kwa kitambaa, ikabaki. Kwa hiyo Mswahili asikiapo polishi huelewa kitu kinachoongezwa juu ya kingine ili kukipamba na kukihifadhi. Mwalimu wetu hakukosea. Alikuwa akisema Kiswahili cha nyumbani mwake na cha nyumbani kwetu sote.

Kijana naye hakukosea. Neno polishi lililoandikwa kwenye kopo lake halikuja kwa mlango wa viatu. Lilikuja moja kwa moja kutoka kwa watengenezaji wa vifaa vya magari, na kwao neno hilo lina maana ya kusugua uso mpaka ulainike. Alifunzwa kazi kwa neno hilo, akalifanya kama alivyofunzwa. Tena katika maduka yako makopo mengine yenye neno hilohilo ambayo ndani yake mna chembe za kusugua pamoja na nta kidogo, na hayo hufanya mambo mawili kwa mara moja. Kwa hiyo neno moja linasimamia kuondoa, kuongeza, na kuondoa pamoja na kuongeza.

Wapo wenzetu wasemao kwamba neno kuwa na maana nyingi si kasoro, na muktadha hutosha kulifafanua. Katika mazungumzo ya kawaida twakubaliana nao. Mtu akisema kaa, twajua kama anasema kaa la moto, kaa wa pwani au kaa kitako. Lakini muktadha husaidia pale ambapo maana zinaishi mbali mbali. Maana mbili za polishi zinaishi katika kopo moja, mkononi mwa fundi mmoja, juu ya gari moja. Hapo muktadha hauna la kufafanua. Mwalimu na kijana walikuwa katika muktadha mmoja kwa mwaka mzima, na rangi ikaisha.

Tunapendekeza kwamba polishi ibaki na viatu na sakafu, mahali ilikozoeleka. Kwa kazi ya kusugua klia, lugha yetu ina neno lake la asili, nalo ni katua. Kukatua ni kusugua chuma, shaba au silaha mpaka ing'are, na neno hili limo katika kamusi za zamani. Wapo watakaolipinga kwa kusema kwamba limekufa. Halikufa. Limehamia shambani. Mkulima yeyote wa Katavi ajua maana ya kukatua shamba: ni kuupasua uso wa ardhi kwa mara ya kwanza. Tulipolitaja neno hili pale Misunkumilo, mzee alikumbuka maana ya shaba na kijana alikumbuka maana ya shamba, na wote wawili wakatambua mara moja kwamba katika kukatua kuna kitu kinachokatwa. Hiyo ndiyo fahari ya neno lililotokana na kitenzi chetu wenyewe: linamwonya mtu kabla hajalipa. Mteja anayeambiwa "nitalikatua gari lako" atauliza, "Kwani lina nini?" Anayeambiwa "nitalipiga polishi" atasema tu, "Haya."

Kutokana na kitenzi hicho twapata ukatuaji kwa kazi, na kikatulio kwa dawa, kama tulivyopata kifutio kutokana na futa. Watu wasitumie kilainishi hapa, ingawa kazi yake ni kulainisha, maana kilainishi kimekwisha kushikwa na mafuta na grisi za mitambo.

Neno silanti

Neno hili ndilo lililotupa taabu kubwa zaidi. Katika orodha moja ya tafsiri iliyowahi kupita mikononi mwetu, ambayo hatuna haja ya kuitaja, tulikuta limeandikiwa lakiri. Yafaa tueleze jinsi kosa hilo lilivyotokea, kwa kuwa ni kosa la kielimu. Mtafsiri alifungua kamusi, akaona kwamba asili ya neno ni kutia muhuri; akaona tena kwamba mbele yake pana nta; akaunganisha. Lakiri ni nta ya kufungia bahasha na vifurushi kabla ya kupiga muhuri. Neno ni zuri na limetumika kwa muda mrefu katika posta na mabenki. Lakini hakuna bahasha juu ya boneti.

Wengine wamependekeza maneno yatokanayo na ziba: kizibo, kizibio, kizibaji. Haya yana asili bora zaidi, na methali yetu ya kuziba ufa huyapa nguvu. Hata hivyo twaona kwamba yamebeba picha ya lugha nyingine. Huko neno moja linatumika kwa gundi ya kuzuia maji yasipite dirishani, kwa dawa ya kuzuia mafuta yasivuje kwenye injini, na kwa dawa ya kupaka juu ya rangi. Sisi hatulazimiki kuurithi mchanganyiko huo. Dirisha lina nafasi inayozibwa, na injini ina kiungo kinachozibwa. Klia iliyo nzima haina ufa wala haivuji. Kinachotakiwa ni kuifunika kwa kitu chembamba kitakachopokea jua na uchafu badala yake. Tukisema kuziba, mteja atadhani kwamba dawa hii huziba mikwaruzo, naye atapaka silanti juu ya mikwaruzo akingoja itoweke. Huo ni ugomvi mwingine unaosubiri mwembe wake.

Katika kutafuta tulifika hata pwani. Mafundi wa majahazi wamekuwa na kazi ya namna hii kabla gari la kwanza halijashushwa bandarini. Kwanza hupiga kalafati, yaani hushindilia pamba yenye mafuta katika nafasi za mbao. Kisha mbao za juu hupakwa sifa, ambayo ni mafuta ya papa, na harufu yake hata mgeni huijua. Sehemu ya chini, inayozama majini, hupakwa deheni, mchanganyiko wa chokaa na shahamu. Tazameni jinsi msamiati huu ulivyo kamili. Kuziba kuna neno lake, kupaka juu kuna neno lake, kupaka chini kuna neno lake, na hakuna baharia atakayetia deheni kabla ya kalafati.

Tulivutwa sana na wazo la kulifanya deheni kuwa jina la silanti. Baada ya kulifikiri tumeliacha, kwa sababu mbili. Kwanza, deheni bado inafanya kazi yake. Si haki kumnyang'anya fundi wa jahazi neno lake ili kumpa mwosha magari. Pili, deheni ni kitu kizito kinachoonekana, na silanti ni nyembamba hata jicho haliioni. Kutoka kwa majahazi tumechukua jambo kubwa kuliko neno: kwamba kila hatua ipewe jina kwa kile inachokifanya.

Pendekezo letu kwa silanti ni utando kinga. Utando Waswahili wanaujua: ni utando wa buibui, utando wa maziwa yaliyopoa, utando wa jicho. Ni kitu chembamba kilichotanda juu ya kingine. Kinga ndiyo kazi yake. Ile plastiki nyembamba inayobandikwa juu ya rangi iitwe karatasi ya kubandika, kwa kuwa hubandikwa, haipakwi. Wala hatuna ugomvi na silanti yenyewe katika usemi wa gereji. Neno la kutohoa si dhambi. Silanti haimdanganyi mtu. Kasoro yake ni kwamba haimwambii kitu.

Neno nta

Hapa twashangaa. Tulikuwa katika nchi ya nta, tukiwa tumetoka kuandika maneno ya mizinga na masega, na ubao ulio mbele yetu ulisema waksi. Tulipomwuliza kijana sababu, alijibu kwamba nta ni ya nyuki na waksi ni ya gari.

Jibu lake halikuwa la kijinga. Nta ya nyuki huyeyuka kwa joto la digrii 62 hadi 64 za selsiasi, na paa la gari jeusi lililoachwa juani huweza kupita joto hilo. Kwa hiyo watengenezaji hupenda kutumia nta ya kanauba, itokayo katika majani ya mti wa jamii ya mitende unaoota kaskazini mashariki ya Brazili. Hiyo huyeyuka kwa digrii 82 hadi 86, nayo ni ngumu na hung'aa sana. Makopo mengi huchanganya kanauba na nta nyingine, zikiwamo za nyuki na za mafuta ya petroli. Kijana alikuwa ametambua tofauti ya vitu, na kwa kukosa msaada wetu aliionyesha kwa kuliacha neno lake na kuchukua la wengine.

Lawama ni yetu. Tumeifafanua nta kana kwamba hakuna nta duniani ila ya nyuki na ya sikioni. Yatupasa kuipanua: nta ni kitu chochote cha jamii ya mafuta kilicho kigumu katika hali ya kawaida, kinachoyeyuka kwa moto wa kadiri na kisichochanganyika na maji. Kisha tuigawe: nta ya nyuki, nta ya mimea, nta ya madini. Kanauba itakuwa nta ya mimea. Neno la kale lililo fupi, lijulikanalo na kila mrina asali, halifai kufukuzwa katika gereji na neno lisilo na faida yoyote juu yake.

Mkono na tabaka

Jambo la mwisho halimo ubaoni, lakini limo vinywani. Mafundi wa kupaka rangi nyumba husema mkono wa kwanza na mkono wa pili, na kila mwenye nyumba huelewa. Ni istilahi safi, na haikutungwa na kamati yoyote. Tunapendekeza ichukuliwe kama ilivyo, ila itenganishwe na tabaka. Mkono ni kupaka kitu kilekile kwa mara nyingine. Tabaka ni kitu kilicho mbali na kile cha chini yake.

Tofauti hii ina maana kubwa katika kazi yetu. Mtu aweza kupaka mikono miwili ya nta, na mkono wa pili ukafunika palipokoswa na wa kwanza. Lakini hapati tabaka mbili, kwa sababu vimumunyisho vilivyomo katika nta ya pili huilainisha ya kwanza zikawa kitu kimoja. Anayelipia mikono mitano kwa kudhani kwamba amenunua tabaka tano ametupa fedha. Bali mwenye utando kinga chini na nta juu, huyo ana tabaka mbili kwa hakika, kila moja na kazi yake. Kwa klia nayo tunapendekeza tabaka angavu katika maandishi, na klia iendelee kutumika katika usemi.

Lawama na mapendekezo

Makosa tuliyoyahakiki hapa si ya mwosha magari. Yeye aliandika ubao wake kwa maneno aliyoyakuta kwenye makopo, na makopo hayakuletwa na maneno ya Kiswahili. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967, na tangu miaka ya 1970 orodha za tafsiri sanifu zimetolewa kwa ajili ya ofisi, elimu na utawala. Hiyo ilikuwa kazi kubwa na ya lazima. Lakini sisi watunga istilahi tumezoea kuketi tukingoja istilahi ziombwe, na wanaoomba ni wenye barua na mihuri. Mwosha magari haandiki barua. Na tangu Katavi ilipofanywa mkoa mwaka 2012, na Mpanda kuwa makao yake makuu, watu na kazi za namna hii wamezidi kuja. Magari hayakuingojea kamusi.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, kabla istilahi ya kazi ya mikono haijapitishwa, mtungaji aione kazi hiyo ikifanywa mwanzo hadi mwisho. Pili, istilahi za hatua za kazi zitokane na vitenzi, ili zimwonyeshe mtu kama anaongezewa au anapunguziwa. Tatu, maneno ya mafundi yaliyo sahihi, kama mkono, yachukuliwe kwa heshima kabla ya kubuni mapya.

Hitimisho

Mzee na kijana hatukuwapatanisha sisi. Walipatana wenyewe, kwa njia ya Kiswahili ya tangu zamani: kijana aliomba radhi ingawa hakuwa na kosa, na mzee aliipokea ingawa hasara ilibaki kwake. Kabla hatujaondoka, kijana alituletea kipande cha chaki akatuomba tumwandikie ubao upya. Siku ile hatukuweza. Leo tungemwandikia hivi, kwa mpango wa kazi na si kwa mpango wa bei:

1. Kuosha: kuondoa uchafu.
2. Kukatua: kusugua na kupunguza klia. Kufanywe kwa haja tu, si kila mwezi.
3. Utando kinga: kupaka, na kuacha ukomae.
4. Nta: kupaka juu ya utando kinga, kamwe si chini yake.

Ubao huo una maneno mengi kuliko ule wa kwanza, na huenda mvua ikaufuta upesi. Lakini asomaye atajua analipia nini. Tunawaomba wasomaji, hasa mafundi rangi, waosha magari na walimu wa vyuo vya ufundi, watuletee maoni yao juu ya istilahi hizi: lipi linakubalika, lipi linakwaza ulimi, na lipi wanalo tayari ambalo sisi hatujalisikia.